Dawa za presha za mama zinaisha kabla ya tarehe ya kliniki

Pole dada, hilo la mama kukaa foleni toka asubuhi pale Moshi mjini ili arudishiwe dawa zilezile nalijua, mama yangu anatoka Kibosho na tulisumbuka hivyo hivyo mwaka mzima.

Kilichotusaidia ni kuongea na daktari mwenyewe, sio dirisha la dawa. Kama presha yake imetulia muombe amwandikie dawa za miezi miwili au mitatu, wengine wanakubali ila bima nayo ina utaratibu wake so uliza kabla. Halafu hesabu vidonge wiki moja kabla havijaisha, usingoje kibaki kimoja. Ukienda beba daftari la kliniki na ganda la dawa lenye jina na miligramu, maana amlodipine, dawa ya presha, kuna ya 5 na ya 10, mama yangu alishapewa 10 badala ya 5 akavimba miguu mpaka viatu vya kanisani vikagoma kuingia 😅

Asiazime vidonge vya jirani jamani, hata vikifanana. Na kama anatumia atenolol, nayo ni ya presha, asiikatishe ghafla, ni hatari kwa moyo.

Ila ukipima presha ukakuta 180/120 au zaidi na kichwa kinamuuma sana, kifua kinabana, au mdomo umepinda, hapo sio suala la foleni tena, chukua bajaji mpeleke emejensi hospitali ya Mawenzi au KCMC, popote palipo karibu.

Anatumia dawa gani kwani?