Mama wa kambo, irudie episodi hii na mtoto unayemlea

Kama umeolewa na mwanamume mwenye mtoto, na mtoto huyo sasa anaishi kwako, kuna episodi moja ya tamthilia ya Marekani ninayokuomba uitafute. Itazame kwanza peke yako mpaka mwisho, kisha uirudie naye. Tamthilia yenyewe ni Once Upon a Time, iliyorushwa na televisheni ya ABC kuanzia Oktoba 2011 hadi Mei 2018. Episodi ni ya 18 katika msimu wa kwanza, inaitwa The Stable Boy, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Aprili 1, 2012.

Nasisitiza kuirudia kwa sababu safari ya kwanza utakuwa unakimbizana na kisa: nani kafanya nini, nani atakufa. Safari ya pili mwisho unaujua, kwa hiyo macho yanapata nafasi ya kutulia kwenye nyuso za watu. Na episodi hii imejengwa hivyo hasa, maana neno linalogeuza kila kitu limewekwa mwishoni kabisa.

Kwa asiyeijua, waandishi Edward Kitsis na Adam Horowitz waliwachukua watu wa ngano za kale wakawatupa kwa laana kwenye mji mdogo wa Storybrooke, jimbo la Maine, ambako hakuna anayekumbuka alikuwa nani. Aliyewalaani ni Malkia Mwovu, Regina. Mjini yeye ndiye meya, na anakumbuka kila kitu. Snow White, binti wa kambo ambaye Regina alimchukia, sasa anaitwa Mary Margaret, mwalimu wa shule ya msingi, na hajui lolote. Kila episodi inakwenda na kurudi kati ya mji huo na nchi ya zamani.

Mimi naishi na binti wa mume wangu tangu akiwa darasa la nne. Hajawahi kunikosea adabu, ananiita mama mdogo, shikamoo haikosi. Lakini nilikuwa naona anavyonitazama nikipakua chakula, jicho likifuata mwiko kutoka sahani hadi sahani. Hakuna aliyemfundisha hilo nyumbani. Amelitoa kwenye hadithi, za bibi zake na za kwenye televisheni, ambamo mama wa kambo ana kazi moja tu, kumnyima na kumtesa mtoto asiye wake. Hata hadithi ya Snow White ina historia yake hapo. Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walipoichapisha mwaka 1812, malkia mwenye wivu alikuwa mama mzazi wa yule binti. Katika toleo la 1819 wakambadilisha, akawa mama wa kambo. Ubaya uliondolewa kwa kalamu kwa aliyezaa, akatwishwa aliyeolewa. Tangu hapo malkia yule anavalishwa viatu vya chuma vyenye moto na kucheza mpaka afe, na hakuna anayeuliza alitoka wapi, alikuwa nani kabla ya kuingia nyumba ile. The Stable Boy inauliza. Ndiyo maana naithamini kuliko episodi zote nilizoziona za tamthilia hii.

Mkikaa kuirudia, mchague Regina na umfuate yeye tu. Zamani, kabla ya taji, ni msichana anayependa farasi. Mwigizaji ni yuleyule, Lana Parrilla, anayeigiza umalkia na umeya, hawakutafuta binti mdogo wa kuigiza ujana wake. Hapo pana kazi kubwa ya sanaa. Sura ileile tuliyoizoea ikikaripia watu, sasa nywele zimesukwa, sauti imeshuka, mabega yamelegea. Anampenda kijana mtunza farasi, Daniel, kwa siri, kwa sababu mama yake, Cora, ana mipango mikubwa zaidi. Cora ni mchawi. Mapema kabisa binti anapombishia, anamwinua hewani kwa uchawi, amefungwa na mikanda, mpaka aahidi kuwa mtoto mwema. Baba mtu yupo palepale na hana nguvu ya kumzuia mkewe.

Hapo ndipo binti yetu alipouliza swali lake la kwanza. "Mama mdogo, mbona baba yake yupo tu?" Mume wangu, aliyekuwa pembeni anasoma meseji kwenye simu, akainua kichwa. Sikumjibu mtoto, na nakushauri na wewe usijibu swali la namna hiyo likiulizwa. Liache likae chumbani. Simu iliwekwa mezani, na baba mtu akatazama hadi mwisho.

Kisha unakuja mkasa wa farasi. Mtoto wa kike anapita akipiga mayowe, farasi amemshinda, na Regina anamfukuzia kwa farasi wake na kumnyakua. Mtoto huyo ni Snow, ameigizwa na Bailee Madison. Anatetemeka, anasema hatapanda tena farasi maisha yake yote, na Regina anamwambia kwa upole kwamba dawa ya woga ni kuukabili, arudi kwenye tandiko mapema. Safari ya kwanza utaona ujasiri tu. Safari ya pili unajua jambo ambalo Regina mwenyewe analigundua dakika za mwisho, kwamba farasi yule hakukurupuka kwa bahati mbaya. Ilipangwa, ili mfalme mjane, baba yake Snow, asikie habari za binti shujaa na aje kuposa. Na kweli anakuja, anaposa, na Cora anaitikia kabla binti hajafungua mdomo. Ukijua hilo, upole wa Regina kwa yule mtoto unazidi kuwa mzito, kwa sababu ndicho kitu pekee katika mkasa wote ambacho hakikupangwa na mtu.

Usimwambie mtoto lolote kuhusu farasi. Wewe uliyekwisha kuiona kazi yako ni kunyamaza. Kama Kiingereza chake bado, mtafsirie maneno yanayosemwa na uishie hapo. Usimtafsirie nyuso. Usimwambie "ona alivyo na huzuni", kwa sababu akishaambiwa ataacha kutafuta mwenyewe.

Regina anakimbilia kwa Daniel na kumwomba waoane haraka. Snow anawafumania wakibusiana. Regina anamweleza kwamba huyu ndiye anayempenda kweli, na anamsihi asimwambie mtu, hasa mama yake. Mtoto anaahidi, na anaahidi kwa moyo wake wote. Ukitazama sehemu inayofuata bila haraka utajifunza jambo kuhusu watoto na siri. Cora, aliyeigizwa na Barbara Hershey, hamtishi Snow hata kidogo. Anaishusha sauti. Anajifanya mama anayeumia kwa kuona binti yake anamponyoka. Snow amefiwa na mama, na hawezi kuvumilia kuona mwenzake anampoteza wake wakati bado yuko hai. Anaitoa siri kwa huruma. Hakuna uovu wowote ndani yake, na hapo ndipo penye uchungu.

Sehemu ya moyo uipime kwa umri wa mtoto. Cora anawakuta Daniel na Regina usiku wakitaka kutoroka, anajifanya amekubali, kisha anaingiza mkono kifuani kwa kijana, anautoa moyo na kuuponda mpaka unakuwa vumbi, binti yake akitazama. Hakuna damu nyingi, lakini inatisha. Kwa mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili hivi mimi ningeruka. Mpe kwa maneno yako, mwambie Cora amemuua Daniel, mwendelee. Wa kwetu alikuwa amefika umri huo, akajifunika kanga usoni akachungulia kwa jicho moja.

Baada ya hapo ndipo dakika ninazozirudia hata nikiwa peke yangu. Regina amevaa gauni la harusi. Snow anaingia akiwa na furaha, akidhani gauni ni la kuolewa na Daniel. Katika kuongea mtoto anaropoka kwamba alimwambia Cora, na kwamba alifanya hivyo ili Regina asimpoteze mama yake. Tazama uso wa Parrilla hapo. Taarifa inaingia, inashuka, na tabasamu linabaki palepale mdomoni likiwa limekufa. Hampigi mtoto, hamkaripii. Anamwambia tu kwamba Daniel ameondoka. Mtoto anatoka chumbani akijua anapendwa. Mama yake anapoingia, Regina anaunganisha mambo yote, farasi, mfalme, posa, na maneno yake ya mwisho ni kwamba angemwacha yule mtoto afie juu ya farasi.

Binti yetu hakulia. Alisema, "Lakini Snow hakujua." Nikasema, ndiyo, hakujua. Akakaa kidogo. "Na Regina anajua kwamba Snow hakujua." Hilo la pili mimi nilikuwa sijaliona waziwazi, na nimelitafakari sana. Regina anajua. Anachagua kumchukia mtoto kwa sababu mwenye kosa halisi, mama yake mzazi, bado anamwogopa.

Upande wa Storybrooke kuna mambo mengi ya upelelezi ambayo hayana haja ya kukuchosha. Mary Margaret yuko rumande kwa mauaji ambayo hakuyafanya. Kuna sehemu moja tu ya kuikazia macho. Regina anamtembelea mahabusu, na Mary Margaret anamwomba radhi kwa chochote alichowahi kumkosea, ingawa hakijui. Regina anaipokea radhi hiyo, anakiri anajua kwamba hakuua, kisha anamwambia hata hivyo anastahili kuteseka. Aliyekosa hakumbuki, na anayekumbuka hataki kutaja. Kwa familia zilizounganishwa kama zetu, naamini hapo pana fundo la mambo mengi. Mtoto amebeba lawama ya jambo lililotokea kabla hata hajaweza kulielewa, ndoa iliyovunjika au mama aliyeondoka, na hakuna mkubwa anayelitaja kwa jina lake.

Sasa jambo ninaloliomba kwa dhati. Usiitumie episodi hii kujitetea. Usiseme "umeona, na sisi mama wa kambo tuna moyo". Tamthilia yenyewe haimsafishi Regina, na iko sahihi kutomsafisha. Kufikia episodi ya 18 tumekwisha kumwona akimuua baba yake mwenyewe katika episodi ya pili, kwa kuwa laana ilidai moyo wa mtu anayempenda kuliko wote. Katika episodi ya saba, iliyorushwa Desemba 11, 2011, tumemwona akiuponda moyo wa Graham, sherifu wa mji, aliyeigizwa na Jamie Dornan. Kuwa na historia hakufuti uliyoyatenda, na mtoto analielewa hilo haraka kuliko tunavyodhani.

Mkishamaliza The Stable Boy, msiendelee mbele siku hiyo. Rudini nyuma wikendi nyingine kwenye zile mbili. Katika ya saba mtoto ataona mkono wa Regina ukiufinya moyo kama mkono wa Cora ulivyoufinya, na ataligundua bila kuoneshwa. Wetu alisema tu "kama mama yake." Katika ya pili atakutana tena na yule baba wa pembeni, mzee sasa, bado mpole, na lile swali lake la kwanza litarudi lenyewe. Kwetu lilijibiwa na mume wangu, walipokuwa wawili jikoni wanaosha vyombo, na sikuingia. Nilisikia sauti ya baba ikizungumza muda mrefu kuhusu mwaka ule mama wa mtoto alipoondoka, jambo ambalo nyumba nzima tulikuwa tukilizunguka.

Tamthilia haiendi haraka kiasi hicho na Cora. Yeye historia yake inakuja msimu wa pili, episodi ya 16, The Miller's Daughter, ya Machi 10, 2013. Ujana wake ameuigiza Rose McGowan: binti wa msaga nafaka aliyedhalilishwa mbele ya watu wa kasri, na aliyekuja kuung'oa moyo wake mwenyewe ili upendo usimzuie kupanda cheo. Humohumo Snow, sasa mtu mzima, anautumia moyo huo kumuua Cora kwa mikono ya binti yake, akimdanganya Regina kwamba akiurudisha kifuani mama yake ataweza kumpenda. Yule aliyetoa siri bila kujua akiwa mtoto, safari hii anajua kila kitu. Hii nimeirudia peke yangu, na binti yetu bado. Anasubiri likizo ya Desemba, na safari hii baba yake ndiye aliyesema tumsubiri arudi kutoka kazini kwanza ndipo tuiwashe.