OPA1 kutoa mistari mitano: usiitupe hiyo kingamwili

Ndugu, umesema kingamwili yako ya OPA1 inatoa mistari mitano badala ya mmoja kwenye westani bloti (kipimo kinachotenganisha protini kwa ukubwa ndani ya jeli, kisha kuzitambua kwa kingamwili), na unataka kumrudishia muuzaji. Subiri kwanza. OPA1, protini inayounganisha utando wa ndani wa mitokondria, ndivyo ilivyo: mistari kadhaa kati ya kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 80 na 100. Miwili ya juu ni protini ndefu, isiyokatwa; ya chini imekatwa na vimeng'enya OMA1 na YME1L. Ungeniambia umeona mstari mmoja mnene, ningeshuku jeli kabla ya kingamwili. Tumia jeli ya asilimia 7.5 na usiwe na haraka ya kuzima umeme wake, ili mistari ipate kuachana.

Kisha ijaribu kingamwili yenyewe. Seli kiasi zitie CCCP (kemikali inayoondoa chaji ya utando wa mitokondria), mikromola 10 kwa saa moja. OMA1 itaamka, mistari ya juu ififie na ya chini ikolee. Ukipata seli zilizoondolewa jeni ya OPA1, bora zaidi: hapo mistari yote lazima ipotee.

Na sampuli ziwe kwenye barafu muda wote. Mimi nililaumu chupa ya kingamwili wiki nzima, kumbe seli zangu zilikuwa zinafia mezani nikinywa chai, na OMA1 inakata mistari ya juu.