Maswali ya wasomaji: Baudi 1200 ni kilobaiti ngapi?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Ghalani kwetu tuna mizani ya zamani ya kupimia malori ya mahindi. Kitabu chake kinasema inatuma uzito kwa baudi 1200, 8N1. Tunataka kuiunganisha na kompyuta mpya. Nimegawanya 1200 kwa 8 nikapata baiti 150 kwa sekunde. Nimepatia? *Msomaji, Kibaigwa*

JIBU: Umekaribia, ila hapa unagawanya kwa 10. Kwenye waya wa aina hii baudi 1200 ni biti 1200 kwa sekunde, na herufi haisafiri peke yake: inatanguliwa na biti 1 ya kuanzia na kufuatwa na biti 1 ya kumalizia. Ndiyo maana ya 8N1: biti 8 za herufi, N yaani hakuna biti ya ukaguzi, na 1 ya kumalizia. Ile ya kuanzia haiandikwi kwa kuwa haikosekani. Jumla 10, kwa hiyo unapata baiti 120 kwa sekunde, au kilobaiti 0.12. Kwa lugha ya mitandao ni kilobiti 1.2 kwa sekunde.

Usiidharau. Tuseme mizani inatuma mstari kama ST,GS,+0032460kg pamoja na alama mbili za kufunga mstari. Hizo ni herufi 18. Zinapita kwa sekunde 0.15, na lori halibadiliki uzito ndani ya muda huo. Shida huja mtu akiipangia mizani itume mistari 10 kwa sekunde: herufi 180 haziingii kwenye njia ya 120, na uzito unaosoma unakuja umekatika. Punguza mistari, au panda hadi 2400 pande zote mbili.

Skrini ikijaa vituko vitupu, kasi hazifanani; kompyuta huenda iko kwenye 9600. Ikiwa tupu kabisa, angalia kebo: kwenye poti ya pini 9, pini 2 na 3 huenda zinahitaji kupishana, na pini 5 lazima iunganishwe. Lakini ukiona 0, 3, 5, 6 na 9 zinasomeka vizuri huku 1, 2, 4, 7 na 8 zikiharibika, usihangaike na waya. Mizani iko kwenye 7E1 (biti 7 za herufi, E yaani biti 1 ya ukaguzi, na 1 ya kumalizia) na kompyuta iko kwenye 8N1. Biti ya ukaguzi inasomwa kama sehemu ya herufi. Badilisha upande wa kompyuta. Kasi haibadiliki, maana 7E1 nayo ni biti 10. Ikiwa ni 8N2 ndipo zinakuwa 11, na baiti zinashuka hadi 109.

SWALI: Nasoma kompyuta chuoni hapa Dodoma. Modemu ya V.22bis inaandikwa baudi 600, penginepo biti 2400. Ipi ni kweli? Na ile ya 56K ni sawa na nini leo? *Mwanafunzi, Dodoma*

JIBU: Zote ni kweli. Baudi, jina lililotokana na Mfaransa Émile Baudot wa enzi za telegrafu, inahesabu ishara inabadilika mara ngapi kwa sekunde. Katika V.22bis kila badiliko ni chaguo moja kati ya 16, yaani biti 4. 600 mara 4 ni 2400. Kosa la kawaida ni kuchukua 2400 hiyo na kuizidisha tena kwa 4.

Kwa 56K, kilo ni 1000, si 1024. Biti 56,000 gawanya kwa 8 ni baiti 7,000 kwa sekunde. Safari hii ni 8 kwa sababu modemu hizo, zikitumia V.42 (kanuni ya kusahihisha makosa), huziondoa biti za kuanzia na kumalizia kabla ya kutuma. Picha ya megabaiti 3 ingechukua kama dakika 7 na sekunde 9, tena laini ikiwa safi, jambo ambalo lilikuwa nadra. Hiyo ni kupokea tu. Kutuma kwa V.90, kiwango cha modemu za 56K, kuliishia kilobiti 33.6.

SWALI: Nahamisha kumbukumbu za ofisi kutoka CD. Kisomeo kimeandikwa 52x, mbona kinakwenda taratibu? *Msomaji, Kondoa*

JIBU: 1x ya CD ni baiti 153,600 kwa sekunde (sekta 75 zenye baiti 2,048). 52x ni karibu megabaiti 8, au megabiti 64 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya ukingoni mwa diski. Data huanza kuandikwa katikati, ambako kisomeo hicho hicho hutoa kama 22x tu, hivyo CD iliyojaa nusu haifiki 52x hata siku moja. Kama kisomeo ni cha nje, kiangalie kimechomekwa wapi: USB 1.1 ni megabiti 12 kwa sekunde, na kiuhalisia hupitisha kama megabaiti 1. CD nzima itakula zaidi ya dakika 10. Na usichanganye na DVD. 1x yake ni karibu mara 9 ya hii.

SWALI: Nalipia intaneti ya 20 Mbps, lakini faili linashuka kwa 2.3 MB kwa sekunde. Naibiwa? *Msomaji, Singida*

JIBU: Hapana. b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti. 20 gawanya kwa 8 ni 2.5, na vichwa vya pakiti navyo vinakula kidogo. Ikishuka chini ya 2 mfululizo, pima kwa kebo, si kwa Wi-Fi, kabla ya kuwapigia simu watoa huduma.