Chakula kinakwama: maswali yenu kuhusu kansa ya umio

Meseji zimejaa tangu nigusie kansa ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, leo najibu nne.

*Baba ana miaka 58, miezi mitatu sasa nyama haishuki, kahamia kwenye uji. Duka la dawa wanampa dawa za vidonda vya tumbo, tuendelee nazo?*

Hapana dada. Mtu aliyeanza kukwamwa na nyama, ikaja ugali, sasa yuko kwenye uji na suruali inamvuka kiunoni, huyo apelekwe kupigwa endoskopi wiki hii, sio mwezi ujao. Umio unatanuka sana, yaani mpaka uanze kuhisi chakula kinakwama ujue njia imeshabanwa vya kutosha. Wanapitisha mpira wenye kamera mdomoni, wanaangalia, wanachukua kinyama kinaenda maabara, na bila kinyama hakuna jibu hata daktari awe bingwa vipi.

*Eti chai ya moto inaleta kansa? Sisi Wachaga si tutaisha 😂*

Hamwishi. Mwaka 2016 IARC, ambao ni watafiti wa kansa wa WHO, walisema vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha, na shida ni moto sio majani. Kuna sigara na pombe pia. Mimi chai naiacha ipoe kidogo, sipungukiwi kitu.

*Nasikia Uingereza kuna sponji ya kumeza ya kupima kansa na Ujerumani kuna kemo (dawa za kuua kansa) mpya. Huku vinachelewa nini?*

Hapa ndo watu wanachanganya, kansa za umio ni mbili kubwa. Ya Wazungu wengi inaanzia chini karibu na tumbo na inaendana na kiungulia cha miaka, na ile sponji, unameza kidonge chenye uzi kinafumuka tumboni wanakivuta na seli, ilijaribiwa kwa watu wa kiungulia. Kemo ya Wajerumani nayo ilijaribiwa kwa aina hiyo hiyo. Ya kwetu, kuanzia Kenya kushuka Tanzania na Malawi, ni ya ngozi ya ndani ya umio, na hii inasikia matibabu ya mionzi. Waholanzi walipowapa kemo na mionzi kabla ya upasuaji, wenye aina yetu nusu waliishi zaidi ya miezi 81, waliopasuliwa tu ilikuwa 21. Ila hao ni waliowahi, uvimbe bado unapasulika. Na kuwahi kunawezekana: hospitali ya Tenwek kule Bomet, Kenya, waliwapima watu wasio na dalili yoyote, wakanyunyizia ayodini ndani ya umio, palipo pazima panageuka kahawia pabaya panabaki peupe, wakakuta mabadiliko kwa kama 14 kati ya 100. Mimi ningeanza kudai hiyo ayodini kabla ya sponji.

*Mama mkwe imesambaa, wamemwekea stenti. Ndo wametukatia tamaa?*

Stenti haitibu kansa kweli, ni wavu wa chuma unaingia umekunjwa halafu unafunguka wenyewe na kusukuma uvimbe pembeni. Lakini mtu aliyekuwa anatema hata mate anakunywa supu, hilo sio dogo. Kifua kumuuma siku za mwanzo ni kawaida, aombe dawa ya maumivu asivumilie. Vyakula laini, nyama isagwe, ale ameketi, anywe maji katikati, na alale kichwa kimeinuka. Siku maji yakigoma kushuka mrudisheni, mara nyingi ni chakula kimeziba au uvimbe umeota juu ya wavu na vyote wanaweza kufungua.