Maswali Yenu: Kuujua Mtandao Usiouona

Wiki hii nimepokea maswali manne yanayokaribiana: yote yanahusu mtandao usioonekana, wa mabomba, wa maambukizi au wa safari za watu. Nayajibu yote hapa.

Bomba likishafukiwa, nitajuaje maji yangu yanatoka wapi bila kuchimba?

Daktari John Snow alikutana na swali hilohilo London mwaka 1854, kipindupindu kikiua watu. Kusini mwa mto Thames, kampuni mbili za maji zilikuwa zimelaza mabomba kwenye mitaa ileile: nyumba hii inapata maji ya Lambeth, ya jirani maji ya Southwark and Vauxhall. Snow aliamini ugonjwa huo huenezwa na maji, akataka kujua kila marehemu alikunywa maji ya nani. Wapangaji wengi hawakujua, maana mwenye nyumba ndiye aliyelipia.

Basi akayapima maji yenyewe. Lambeth walichota juu kabisa mtoni, maji ya bahari yasikofika. Wenzao walichota Battersea, ambako mto hujaa na kupwa, kwa hiyo maji yao yalikuwa na chumvi mara 40 hivi zaidi. Snow alidondoshea nitrati ya fedha, kemikali inayoganda meupe ikikutana na chumvi: ya Lambeth yakawa na ukungu kidogo, ya Battersea yakaganda meupe kama maziwa yaliyokatika. Nyumba kwa nyumba, ramani ya mabomba ikajitokeza. Katika wiki saba za kwanza za mlipuko, vifo kwa kila nyumba 10,000 vilikuwa 315 kwa Southwark and Vauxhall, na 37 kwa Lambeth. Kila nikizisoma takwimu hizi nasisimka, kwa sababu hakuna jembe lililogusa ardhi.

Wagonjwa wa malaria wakiongezeka vijiji viwili kwa wakati mmoja, ina maana kimoja kimeambukiza kingine?

Si lazima. Huenda mvua imenyesha kote kuwili na mbu wakazaliana kote kuwili. Toa kwanza mchango wa mvua, kisha utazame kilichobaki.

Nimesikia simu za Wakenya zilitumika kuchunguza malaria. Ni kweli?

Ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulitumia rekodi za karibu laini milioni 15, kuanzia Juni 2008 hadi Juni 2009. Kila simu au ujumbe huacha alama kwenye mnara. Laini iliyosikika Kisumu jana na Nairobi leo imesafiri, na mwenye laini amesafiri nayo. Watafiti walipoziweka safari hizo juu ya ramani ya maambukizi, waliona eneo la Ziwa Victoria likipeleka vimelea sehemu nyingine, Nairobi ikiwa miongoni mwa wapokeaji wakubwa.

Ila mtoto wa miaka miwili, ambaye malaria humuua upesi, hana laini. Mtandao wa safari uliopatikana hapo ni wa wenye simu, na kila anayeusoma akumbuke hilo.

Jina langu likifutwa kwenye rekodi hizo, niko salama?

Hapana. Utafiti wa mwaka 2013 uliohusu watu milioni 1.5 ulionyesha kwamba alama nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa asilimia 95 ya watu. Yako ni yapi? Nyumbani alfajiri, kazini saa tatu, msikitini Ijumaa, kwa mama Jumapili. Kwa kazi ya malaria inatosha kujua ni watu wangapi walitoka wilaya hii kwenda ile kwa mwezi. Saa na mnara wa mtu mmoja mmoja visitoke nje ya kampuni ya simu.