Mwalimu wa kujitolea asipofika madrasa, msimamizi afanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni ustadha, nimekabidhiwa usimamizi wa madrasa ya jioni hapa Tanga. Walimu wawili wanapewa posho na kamati ya msikiti, wanne tunajitolea. Baadhi ya wanaojitolea hukosa bila taarifa, na nikiuliza najibiwa: "Sisi hatulipwi, tunafanya fii sabilillah." Wenye posho nao hawafagii wala hawatandiki mikeka, wanasema kazi yao ni kusomesha tu. Wazee wa kamati wanataka niwe mkali. Mwenzangu ananiambia kiongozi ni mtumishi, ninyamaze nifanye mwenyewe. Nishike lipi?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mwenzako bila shaka anategemea ule usemi mashuhuri, "Bwana wa watu ni mtumishi wao." Wengi huusoma mimbarini kama hadithi, na wanazuoni wameidhoofisha isnadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Maana yake hata hivyo imo katika yaliyothibiti. Tazama Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Waislamu walipochimba handaki kuulinda mji wa Madina. Al-Baraa bin Azib (R.A.) alimwona Mtume (S.A.W.) akibeba udongo mpaka vumbi likafunika weupe wa tumbo lake. Imo katika Bukhari.

Lakini hakubeba udongo huku masahaba wamekaa kivulini. Na wachimbaji wale hawakuwa na ujira, walikuwa wa kujitolea kama walimu wako. Wafasiri wanaitaja kazi hiyohiyo ya handaki wanapoieleza aya ya 62 ya Suratun Nur: waumini wanapokuwa na Mtume katika jambo linalowahusu wote, hawaondoki mpaka wamtake ruhusa. Wanafiki ndio waliokuwa wakichopoka kimyakimya. Simaanishi kuwa walimu wako ni wanafiki, Mungu atuepushe na kuhukumiana. Ninachosema ni kwamba kutolipwa hakumwondolei mtu wajibu wa kuomba ruhusa. Mwalimu aliyekubali darasa la Juzuu Amma (juzuu ya mwisho ya Qur'ani) siku ya Jumanne amepokea amana, na watoto wanaomngoja wana haki yao hata kama yeye hapokei shilingi.

Wakikusomea "hapana njia ya kuwalaumu wafanyao wema" (Tawba: 91), aya hiyo inazungumzia wanyonge, wagonjwa na wasio na cha kutoa. Mwenye udhuru wa kweli hana lawama. Aliyesahau kutuma ujumbe kwa simu ni mtu mwingine.

Sasa rudi kwenye aya ya Nur, maana inaendelea, na sehemu hii ndiyo yako wewe. Mtume anaambiwa: wakikuomba ruhusa kwa baadhi ya shughuli zao, mpe ruhusa umtakaye miongoni mwao, na uwaombee maghufira. Kwa hiyo mlango wa udhuru uwe wazi. Kaa na kila mmoja peke yake, si mbele ya wanafunzi, umuulize kinachomzuia. Huyu atakuambia nauli, yule atasema anafunga genge saa kumi na moja. Nauli ipelekee kamati, kwa sababu kumsemea mwalimu wako mbele ya wazee ni huduma kubwa kuliko kumfagilia. Mwenye genge mbadilishie siku.

Kuhusu ukali, Muawiya bin al-Hakam (R.A.) alisema maneno ndani ya Swala, watu wakamkodolea macho. Baada ya Swala, Mtume (S.A.W.) alimweleza kuwa humo hayafai maneno ya watu. Muawiya anasimulia, katika Sahih Muslim, kwamba hajapata kuona mwalimu bora kuliko yeye: hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana. Lakini kosa alimwambia, hakunyamaza. Wasomee wazee wako hadithi hiyo, na mwenzako pia.

Wenye posho wana hoja yao. Katika madhehebu yetu ya Shafi inajuzu kupokea ujira kwa kusomesha Qur'ani, na mkataba ni yale mliyokubaliana. Ikiwa kufagia hakukutajwa, huwezi kuwalazimisha leo. Itisheni kikao, pangeni zamu ya ufagio na mikeka, na jina lako liandikwe la kwanza. Usifagie peke yako miezi na miezi ukiita hiyo ni subira, kwani watazoea, nawe utaanza kuwachukia moyoni. Na angalia posho isicheleweshwe, maana anayedai haki yake hasikii nasaha.

Ukishafanya hayo na mtu bado hafiki, muondoe kwenye darasa. Abu Dharr (R.A.) aliomba uongozi, Mtume (S.A.W.) akamnyima, akamwambia kuwa yeye ni dhaifu na kwamba kazi hiyo ni amana (Muslim). Hakumvunjia heshima kwa hilo. Mwalimu wako naye mtafutie linalolingana na nafasi yake: kushona misahafu iliyochanika, au kuwasikiliza wanaohifadhi siku moja kwa wiki.

Wallahu a'lam.