Kabla hujazichomeka hizo kompyuta za msaada

Kompyuta ya kwanza ya msaada niliyoiwasha shuleni ilikufa mbele ya mkuu wa shule, walimu wanne na diwani. Ililia "pa!", moshi ukatoka nyuma, chumba kizima kikanuka plastiki iliyoungua. Ilitoka Marekani. Nyuma yake, karibu na tundu la waya wa umeme, kulikuwa na kiswichi chekundu kidogo kama ukucha, kimeachwa kwenye 115. Umeme wetu ni volti 230. Kukisogeza kwa ncha ya bisibisi ni kazi ya sekunde moja, lakini sikukiona maana nilikuwa nimeshughulika kujionyesha kwa diwani.

Nimefanya kazi hii ya kufufua kompyuta za msaada miaka mingi tangu siku ile, nyingi katika shule za mkoa wa Morogoro. Naandika sasa kwa sababu mzigo mwingine unakuja. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa (ubongo wa kompyuta) ambayo kwa Intel ni ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi za Ulaya na Marekani zimebaki na mashine nzima kabisa ambazo hazizitaki tena. Kati ya hizo zipo mali safi, na zipo takataka ambazo mwenyewe anaona aibu kuzitupa kwake.

Kwa hiyo ukiambiwa shule imepata kompyuta arobaini, acha vigelegele kwanza, uliza maswali. Za mwaka gani? Prosesa ipi? Diski zimo au zimetolewa? (Kampuni nyingi huzing'oa kwa usalama wao, nanyi mnapokea maboksi matupu.) Monita na waya zinakuja? Nani analipia kontena na gharama za bandarini? Mpaka wangu binafsi leo ni Core i3 ya kizazi cha tatu, yaani mashine za 2012 hivi kuja mbele, zenye nafasi ya kufikisha RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 au zaidi. Pentium 4, prosesa ya zamani, siipokei hata ikiletwa mlangoni na maua. Inakula umeme, inapiga kelele kama kinu cha kukoboa, na LUKU ya shule, umeme wa kulipia kabla, ndiyo itakayoumia. Mfadhili akiona unauliza sana, mwambie kwa heshima kwamba shule haina stoo ya kutosha. Ni kweli tupu.

Mzigo ukifika, kosa la mafundi wengi ni kuchukua mashine moja na kuhangaika nayo mpaka jioni. Mimi siku ya kwanza sitengenezi kitu. Nafungua kava zote, naangalia kwa macho na kunusa. Kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji) zilizovimba vichwa, harufu ya kuungua, kutu: hizo pembeni. Zilizobaki naziwasha moja moja, naandika namba kwa maka pen juu ya kila boksi, halafu nazigawa mafungu matatu: zinazowaka, zinazokaribia kuwaka, na spea. Fungu la spea ndilo linaloleta ugomvi. Kamati ya shule imetangaziwa arobaini, inataka arobaini. Mzigo wangu mkubwa kuliko yote ulikuwa wa arobaini, nikatoa ishirini na sita. Zile kumi na nne nyingine zilitoa RAM, feni, pawa saplai na waya za kuzihudumia hizo ishirini na sita. Mwenyekiti wa kamati alininunia. Ila ningelazimisha zote, chumba kingekuwa na kompyuta arobaini za wasiwasi.

Fungu la katikati usilikatie tamaa mapema. Mashine inayolia pi-pi-pi bila kuleta picha, mara nyingi tatizo ni RAM tu. Ichomoe, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli wa mwanafunzi, pangusa, irudishe mpaka isikike "ka". Nimeokoa nyingi kwa ufutio wa shilingi mia mbili. Ile inayokusimamisha kila asubuhi ikidai ubonyeze F1, na tarehe yake imerudi nyuma miaka, betri yake ndogo ya mviringo imeisha. Ni CR2032, zinauzwa hata kwenye maduka ya saa. Usiidharau, kwa sababu tarehe ikiwa ya uongo, tovuti nyingi zitagoma kufunguka na mwalimu ataapa kwamba intaneti ni mbovu.

Diski nazifuta kabla ya kitu kingine chochote. Niliwahi kuwasha mashine iliyotoka ng'ambo nikakuta orodha ya mishahara ya ofisi nzima, majina na akaunti za benki, imekaa pale kwenye eneo kazi. Aliyetoa msaada hakujua. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka hakutoshi, vitu vinarudishika. Natumia programu ya nwipe inayoandika juu ya diski nzima. Mzunguko mmoja unatosha kwa diski za kawaida, na ya GB 500 huchukua saa moja na nusu au mbili, hivyo naziacha zikizunguka nikaenda kula. SSD, zile diski za chipu zisizozunguka, zina amri yake maalumu ya kufuta, usizipitishe njia hiyo. Na ofisi ya hapa Tanzania inayotoa mashine zake ikumbuke kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haiishii mlangoni kwa fundi.

Kama hela ya kununua kitu ni ya kitu kimoja tu, nunua SSD. GB 120 inatosha. Mashine ya 2013 iliyokuwa ikiwaka wakati mwalimu anaita majina, ikawa inawaka kabla hajafika herufi B.

Sasa kuhusu kupiga Windows, yaani kuiweka kwenye mashine. Zile za kuchakachua sipigi tena. Zinaleta virusi na baada ya miezi sita unaitwa tena kwa nauli yako. Naweka Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure na mwepesi unaokaa mahali pa Windows, pamoja na LibreOffice, programu za bure za ofisi. Walimu hulalamika kwamba wanafunzi wamezoea kusikia Word na Excel, na lalamiko lao lina haki, ndiyo maana mashine yenye leseni halali ya Windows naiacha kwa mwalimu wa somo. Kwa wanafunzi, kuandika barua na kupanga jedwali ni kulekule. Programu huria za ofisi kwa Kiswahili nazo si ngeni: Jambo OpenOffice ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoka 2004. Kwa shule zisizo na intaneti naongeza Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili. Inaingia kwenye flashi ndogo, na mchana wa kwanza utawakuta wamejazana wakisoma habari za wachezaji mpira.

Mzigo uliotufundisha unyenyekevu ulitoka Ujerumani, kwa marafiki wa usharika mmoja. Mashine nzuri mno, safi, waya zimefungwa kwa mpangilio. Plagi zake ni za pini mbili nene za mviringo, haziingii kwenye soketi zetu za matundu matatu. Wanafunzi wakaanza kuchokonoa tundu la juu kwa kalamu ili pini ziingie. Piga marufuku hilo siku hiyohiyo, maana mashine inakosa ati (waya wa kupeleka umeme ardhini) na mtoto anapigwa shoti akigusa kava. Waya wa kompyuta wenye plagi ya kwetu unauzwa kila mahali.

Halafu mwalimu akanipigia simu usiku. "Fundi, shikamoo ya usiku siyo salamu, lakini hizi kompyuta zina virusi. Tukiandika Tanzania inaandika Tanyania." Nilicheka mpaka nikaketi. Kibodi za Kijerumani zimebadilishana Z na Y, na mpangilio ulikuwa bado wa kwao, huku vidole vya walimu vikienda palepale vilipozoea. Nikaweka mpangilio wa Kiingereza kwenye mfumo, kisha wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wakakaa na bisibisi bapa wakibandua vifuniko vya Y na Z kwenye kila kibodi na kuvibadilisha nafasi. Alama za uandishi bado zinadanganya, kwa hiyo tukabandika karatasi ukutani kuonyesha mkwaju (/) na nukta pacha (:) viko wapi.

Baada ya hapo adui ni vumbi, joto na umeme unaokatika. Kila likizo napuliza kwa bloa nje ya chumba, nikiwa nimeshika feni kwa kidole isizunguke. Dawa ya joto juu ya prosesa ikikauka kama chaki, ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Ziba matundu ya nyuma yanayobaki wazi. Nimewahi kutoa mayai matatu ya mjusi kafiri juu ya mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, na mjusi mwenyewe kakaukia ndani ya pawa saplai.

Mizoga usiwape vijana wa skrepa wachome waya nyuma ya uwanja kutafuta shaba. Ule moshi ni sumu, na darasa la chekechea liko upande wa upepo. Ninayo stoo ya mabati yenye mazabodi na monita zisizofaa, zinasubiri tujaze gari moja la kupeleka Dar kwa wanaochakata taka za kielektroniki kwa kibali.

Mwezi uliopita nilipita kwenye ile shule ya ishirini na sita. Zinawaka ishirini na tatu. Mbili feni zimechoka, spea zipo. Moja haina RAM, na wote darasani waliangalia chini nilipouliza iko wapi.